Wamepima Kutoka Wapi?

Siku chache baada ya Idi, mtoto mkubwa wa kaka yangu alituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo picha ya karatasi moja ya hospitali, na chini yake akaandika mstari mmoja: "Hipokampasi ya baba imepungua asilimia 17 ndani ya miezi kumi na minne." Wengi kundini hawakujua hipokampasi ni kitu gani, lakini hakuna asiyejua maana ya kupungua. Pole zikamiminika. Kabla ya adhuhuri shangazi yetu mkubwa, mwenye miaka themanini na ushei, alikwisha kutuma dua ya kurekodi kwa sauti, kana kwamba kaka yuko juu ya jeneza.

Kaka mwenyewe alikuwa barazani kwake Muheza, akimenya chungwa.

Nilimpigia simu kijana.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hii asilimia 17 umeitoa wapi?"

"Nimekokotoa mwenyewe, shangazi. Kipimo cha Dar es Salaam kilisema 7.4, hiki cha India kinasema 6.1. Namba hazina upendeleo."

Ndugu msomaji, nimefundisha sayansi ya siasa kwa miaka ishirini na mbili, na sentensi hiyo ya mwisho nimeisikia kwa mawaziri, kwa wafadhili na kwa wanafunzi wanaolalamikia alama zao. Sikutarajia kuisikia kwa mtoto wa kaka yangu, juu ya kichwa cha baba yake. Na haikuwa ya kupuuzwa, kwa sababu nyuma yake palikuwa na jambo zito. Kaka ni mpima ardhi mstaafu. Alikuwa ameamua kutoa ekari mbili za shamba lake la michungwa kwa serikali ya kijiji ili ijengwe zahanati. Wanawe hawakupenda, na sitasema kwamba hawakuwa na haki ya kutopenda. Lakini mkubwa wao alikuwa ameipeleka karatasi ile katika ofisi moja ya ardhi, na afisa aliyekuwa zamu, baada ya kuisoma, akalisimamisha jalada. Alimwambia kijana: kama kompyuta ya India imesema akili ya mzee imeliwa, mimi ni nani hata nigonge muhuri?

Hapo ndipo nilipoacha kusahihisha mitihani nikaanza kujifunza jinsi kompyuta inavyopima ubongo.

Niseme mapema kwamba mimi si daktari, na kwamba kijana yule hakuwa mwizi wa mali ya baba yake. Miezi michache kabla ya hapo kaka alipotea njia akitoka msikitini kwenda nyumbani, njia ambayo ameipita tangu utoto. Alirudishwa na mwendesha bodaboda. Mtoto aliyempokea baba yake mlangoni usiku ule, viatu mkononi, ana haki ya kuogopa. Hofu yake ilitafuta namba ya kushika, ikaipata.

Hipokampasi ni kipande kidogo cha ubongo kilichopinda, kimoja kila upande, ndani kidogo usawa wa masikio. Kazi yake mojawapo ni kutengeneza kumbukumbu mpya na kutuongoza njia, na katika ugonjwa wa Alzheimer ni miongoni mwa sehemu zinazonywea mapema. Ndiyo maana madaktari huipima. Zamani iliyo karibu, kupima kulikuwa kazi ya mkono: mtaalamu alikaa mbele ya picha za MRI, tabaka baada ya tabaka, akichora mpaka wa hipokampasi kwa kalamu ya kompyuta. Ilimchukua saa nyingi kwa kichwa kimoja. Tena wataalamu hawakukubaliana mpaka upite wapi. Mbele, hipokampasi imegusana na amigdala na hakuna ukuta kati yao. Nyuma, mkia wake hufifia, na kila maabara ilikuwa na desturi yake ya kuukata mkia huo. Mwaka 2015 wataalamu wa Ulaya na Marekani walichapisha itifaki moja ya pamoja ya kuichora, baada ya majadiliano marefu. Fikiria: kiungo ambacho watu walikuwa wakikipima kwa miongo kadhaa, na ndipo wanakubaliana kimeishia wapi.

Nilipomweleza kaka habari hii, alicheka hadi akaweka kisu chini. "Huo ni mpaka wa mto," alisema. Katika kazi yake, shamba lililopakana na mto lilikuwa ugomvi wa kudumu, kwa kuwa mto huhama na hati haihami.

Programu zilikuja kuondoa taabu ya mkono, na katika vyuo vya utafiti tatu ndizo zinazotajwa mno. FreeSurfer ilizaliwa Boston, katika hospitali kuu ya Massachusetts. FSL imetoka Oxford. SPM imetoka London, katika mtaa wa Queen Square. Zote tatu hutolewa bila malipo kwa watafiti, jambo la kupongezwa, na zote hutazama picha ileile. Lakini haziitazami kwa jicho moja. FreeSurfer ina atlasi iliyotengenezwa kutokana na vichwa vilivyochorwa kwa mkono. Hukichukua kila kichemraba cha picha, kwa kawaida chenye milimita moja kila upande, na kujiuliza: kwa mahali hapa, kwa weupe au weusi huu, na kwa majirani hawa, kuna uwezekano gani kwamba hiki ni hipokampasi? FSL ina chombo kiitwacho FIRST, ambacho kilifundishwa umbo la hipokampasi kwa picha 336 zilizochorwa kwa mkono. Hicho huja na umbo kichwani na kulivuta huku na huku hadi liikae picha. SPM kwanza hugawa ubongo katika sehemu ya kijivu, sehemu nyeupe na maji, na kukupa kwa kila kichemraba uwezekano badala ya mpaka. Ukitaka hipokampasi kutoka kwake, itakubidi uongeze atlasi juu yake, na hapo uchaguzi wa atlasi unakuwa wako.

Baadaye zimekuja za kizazi kipya, zinazojifunza zenyewe kwa mifano mingi. FastSurfer, iliyotengenezwa Bonn, hufanya kwa dakika moja hivi sehemu ya kazi ambayo FreeSurfer huifanya kwa saa kadhaa. Ni mafanikio makubwa. Lakini imefundishwa kwa majibu ya FreeSurfer yenyewe, na sisi walimu tunamjua mwanafunzi wa namna hiyo: aliyenakili daftari la mwenzake huandika haraka na kwa hati nzuri, ila penye kosa la mwenzake, naye amekosea. Halafu ziko za kibiashara, kama NeuroQuant ya Marekani na icobrain ya Ubelgiji, ambazo hospitali hununua ili ripoti itoke yenyewe, imepangwa vizuri, yenye rangi na mishale. Ile iliyotumika kwa kaka siitaji, kwa sababu rahisi: ripoti haikuitaja. Kurasa nne, nembo mbili, michoro ya rangi ya chungwa na buluu, wala hapana mahali palipoandikwa ni programu gani iliyopima, achilia mbali ni toleo la ngapi.

Je, hipokampasi moja yaweza kuwa na ukubwa mbili? Ndiyo. Inajulikana katika tafiti nyingi kwamba FreeSurfer huipa hipokampasi ukubwa unaozidi ule wa mchoro wa mkono. Haina maana kwamba imeharibika. Imeweka mpaka wake nje kidogo. Hipokampasi mbili za mtu mzima zina vichemraba elfu chache tu vya milimita moja, na nyingi zimo pembezoni, mpakani. Ukiusogeza mpaka nusu milimita kuzunguka pande zote, umeongeza au kupunguza zaidi ya moja ya kumi ya jumla, na mgonjwa hajapata wala kupoteza hata chembe.

Kipimo cha Dar es Salaam kilifanywa ndani ya utafiti wa wazee ambao kaka alijitolea kushiriki, na kwa bahati watafiti wale walikuwa waangalifu: waliandika kwamba wametumia FreeSurfer, wakaandika na toleo. Kwa hiyo 7.4, yaani sentimita za ujazo kwa pande zote mbili, ilikuwa namba yenye anwani. Namba ya India haikuwa nayo. Kijana wetu alikuwa ametoa moja kutoka kwa nyingine kama mtu anayetoa maili kutoka kwa kilomita.

Nilitaka uhakika. Nilimwomba kaka ruhusa, naye akaitoa kwa maandishi, huku akinisahihisha tarehe. Nikachukua sidii zote mbili, ya Dar es Salaam na ya India, nikazipeleka kwa kijana mmoja wa shahada ya uzamili katika idara jirani, ambaye anaijua kazi hii. Jambo la kwanza alilofanya lilinifundisha adabu: aliondoa jina, kisha akaondoa uso. Picha za MRI za kichwa zina pua, midomo na macho. Ukiziunganisha unaweza kumtambua mtu. Wangapi kati yetu tumepeleka sidii za wazazi wetu huku na huko bila kujua kwamba tumebeba sura zao?

Kompyuta ya maabara ilifanya kazi usiku kucha, umeme ukakatika mara moja, ikaanza upya. Kwa toleo lilelile lililotumika Dar es Salaam, picha ya kwanza ilitoa 7.4 kama mwanzo, na picha ya India ikatoa 7.2. Asilimia 17 ikawa asilimia tatu kasoro kidogo.

Ningependa kuishia hapo na kushangilia. Lakini kijana yule wa uzamili, ambaye ana uaminifu unaochosha, aliniambia, "Mwalimu, ngoja nijaribu na toleo jipya." Toleo jipya la FreeSurfer ileile likasema 7.1 kwa picha ya kwanza na 6.9 kwa ya pili. Tazama vizuri: tofauti kati ya toleo na toleo ni 0.3, ilhali tofauti kati ya mwaka na mwaka ni 0.2. Kubadilisha programu kulikuwa kumemzeesha kaka kuliko miezi kumi na minne ya maisha yake.

Nilidhani tumekosea mahali. Akanionyesha makala ya mwaka 2012 ya watafiti wa Maastricht, Uholanzi, waliofanya jambo hilo kwa utaratibu: picha zilezile, matoleo matatu ya FreeSurfer, aina mbili za kompyuta, na matoleo mawili ya mfumo endeshi wa Macintosh. Kati ya toleo na toleo, ujazo wa sehemu za ubongo ulitofautiana kwa wastani wa asilimia 8.8, na kwa baadhi ya sehemu ndogo ukafika asilimia 64. Hata kubadilisha aina ya kompyuta, au kusasisha mfumo endeshi, kulileta tofauti, ingawa ilikuwa kama nusu ya ile. Ushauri wao ulikuwa wa wazi: usibadilishe chombo katikati ya utafiti. Aibu ni kwamba ushauri wa namna hiyo unajulikana maabara na haujulikani mapokezi.

Kisha kuna mwili wenyewe. Kipimo cha India kilifanyika Ramadhani, na kaka, ambaye kwa safari na umri alikuwa na ruhusa ya kula, alifunga kwa sababu ni mbishi. Utafiti mmoja wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba mtu akikaa saa kumi na sita bila kunywa, ubongo wake hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu ya asilimia moja, na hurudi akinywa. Nusu ya asilimia ni kitu kidogo, lakini wakati asilimia nzima unayobishania ni mbili au tatu, kikombe cha maji kinaanza kuwa na uzito mahakamani.

Sasa, asilimia tatu kasoro katika miezi kumi na minne ina maana gani? Kwa mwaka inakaribia mbili na robo. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta kwamba wazee wasio na ugonjwa hupoteza karibu asilimia 1.4 ya hipokampasi kwa mwaka, na wenye Alzheimer karibu 4.7. Kaka yuko katikati, na ukiweka makosa ya kipimo huku na huku, anaweza kuangukia upande wowote. Nilikuwa nimekwenda kutafuta namba ya kumshinda mtoto wa kaka yangu. Nikarudi na namba isiyomshinda mtu.

Mchana wa siku niliyopata majibu hayo nilikuwa na somo la historia ya dola la kikoloni, na ilinibidi kusimama katikati ya sentensi. Kila mwaka nawaeleza wanafunzi habari za Nairobi ya miaka ya 1930. Daktari F. W. Vint, mtaalamu wa patholojia katika utumishi wa serikali ya kikoloni, alipima bongo za Waafrika waliofia hospitalini, akazipima uzito, akapima unene wa gamba lake kwa hadubini, na mwaka 1934 akachapisha matokeo katika jarida la anatomia la Uingereza: bongo za wenyeji wa Kenya, alisema, ni nyepesi na gamba lake ni jembamba kuliko za Wazungu. Daktari H. L. Gordon, aliyesimamia hospitali ya Mathari, alizibeba namba hizo hadi London kudai kwamba elimu ya Mwafrika ifikiriwe upya kulingana na ukomo wa ubongo wake. Serikali ya London haikukubali kugharimia utafiti alioutaka. Miaka ishirini baadaye daktari mwingine wa Mathari, J. C. Carothers, aliandika kitabu kizima juu ya akili ya Mwafrika kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani, kisha akaajiriwa kueleza saikolojia ya Mau Mau, kana kwamba kunyang'anywa ardhi hakutoshi kuwa maelezo.

Kwa miaka mingi nimefundisha kisa hicho kama kisa cha ubaguzi wa rangi, nacho ni hicho. Lakini siku ile niliona ndani yake kosa jingine, la kiufundi, ambalo nilikuwa nimelipita. Bongo za Waafrika Vint alizipima mwenyewe, Nairobi, kwa maiti za watu walioishi na njaa na maradhi. Bongo za Wazungu hakuzipima. Alichukua takwimu zilizopatikana Ulaya, kwa mikono mingine na kwa njia nyingine. Namba mbili kutoka rula mbili, moja ikatolewa kutoka kwa nyingine, na jibu likaitwa tofauti ya asili. Mtoto wa kaka yangu, mwenye shahada ya uhasibu na mapenzi kwa baba yake, alikuwa amefanya hesabu ileile kwenye simu.

Simfananishi na Gordon. Nasema tu kwamba hesabu haihitaji nia mbaya ili ilete dhuluma.

Na kuna mstari mmoja katika ripoti ya India ambao ulinisumbua zaidi ya 6.1 yenyewe. Uliandikwa hivi, nikiufasiri: ukilinganishwa na watu wenye afya wa umri na jinsia yake, mgonjwa yuko nafasi ya 9 kati ya 100. Watu gani wenye afya? Ripoti haikusema. Hifadhi kubwa ya picha iliyotumiwa mno duniani katika utafiti wa Alzheimer, ADNI, ilianzishwa mwaka 2004 Marekani na Kanada, na washiriki wake wengi ni Wazungu wenye elimu ya chuo. Mwaka 2022 jarida la Nature lilichapisha chati za ukuaji na uzee wa ubongo zilizotokana na picha zaidi ya laki moja na elfu ishirini, tangu mimba hadi miaka mia moja. Kazi ya kustaajabisha, ambayo waandishi wake wenyewe walikiri kwamba imeelemea Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Kaka yangu, mtoto wa mkulima wa Muheza, aliyeugua malaria mara asizozikumbuka, amewekwa kwenye foleni ya watu mia moja ambao huenda hakuna hata mmoja aliyezaliwa kusini mwa Sahara, akaambiwa wewe ni wa tisa kutoka mwisho.

Wapo wanaharakati watakaonijibu: basi tuzitupe programu hizi, ni ukoloni mpya. Sikubaliani nao. Tuna madaktari bingwa wachache wa mishipa ya fahamu, wazee wanaongezeka, na mashine za MRI zinaongezeka pia, zikiwamo ndogo za sumaku dhaifu zinazosukumwa hadi kitandani, ambazo zimeanza kutumika katika tafiti za Kiafrika. Bila kompyuta, picha hizo zitasomwa na nani? Ninachokidai ni kidogo na kinawezekana, na ninakielekeza kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, hasa walio katika kamati za zabuni. Mnaponunua mfumo wa namna hii, msikubali ripoti isiyotaja jina la programu na toleo lake. Ulizeni wale "watu wenye afya" ni akina nani, wangapi, wa wapi. Andikeni katika mkataba kwamba picha ghafi ni mali ya mgonjwa na hospitali, ili mwaka wa pili picha zote mbili ziweze kupimwa upya kwa chombo kimoja. Na muuzaji anapobadilisha toleo usiku, kama simu zetu zinavyofanya, awe amelazimika kuwaambia. Afisa ugavi hahitaji kuujua ubongo ili aulize maswali hayo, kama asivyohitaji kuwa fundi makanika ili aulize gari limetembea kilomita ngapi.

Kaka alilielewa jambo hili kwa haraka kuliko sote. Nilipomwonyesha ripoti zote, swali lake la kwanza lilikuwa: "Wamepima kutoka wapi?" Nikamwomba afafanue. Akaniambia ramani zetu za zamani, Tanzania, Kenya na Uganda, zimejengwa juu ya msingi uitwao Arc 1960, na vifaa vya GPS vinasoma msingi mwingine. Ukichukua viwianishi vya hati ya zamani ukavilisha kwenye GPS bila kuvigeuza, utasimama mamia ya mita mbali na jiwe la mpaka, ukiwa na uhakika kamili na desimali sita. Aliwahi kuitwa kusuluhisha kesi ambayo kijana msomi alipanda bikoni katikati ya makaburi ya watu. "Hakukosea kusoma kifaa," alisema. "Alisoma sawasawa kabisa. Hakuuliza msingi."

Halafu akaniuliza tena, dakika kumi baadaye, kama nimekwisha kunywa chai. Nilikuwa nimekunywa mbele yake.

Tulimpeleka kwa daktari bingwa, mwanamke mtulivu, ambaye aliziweka ripoti pembeni akazungumza naye kwa zaidi ya saa nzima. Alimwomba achore saa, ataje wajukuu, aeleze alivyokuja. Alimuuliza juu ya shamba: ni ekari ngapi, anampa nani, nani watakosa, kwa nini asiwaachie wanawe. Kaka akasema mke wake alifariki njiani akipelekwa hospitali ya wilaya, na kwamba barabara ile anaijua kila kona kwa sababu ndiye aliyeipima. Kijana alikuwa ameketi nasi. Hakuwa amewahi kumsikia baba yake akilisema hilo.

Daktari aliandika kwamba kumbukumbu ya mzee imeanza kudhoofika na lazima ifuatiliwe. Kwamba asiendeshe gari usiku. Na kwamba siku ile, juu ya jambo lile, alielewa anachokitoa, anampa nani, na athari yake. Akaweka tarehe na saini. Lile neno "siku ile" nimelifikiria sana. Hakuna programu niliyoisoma inayoliandika.

Jalada lilifunguliwa tena baada ya wiki tano. Afisa wa ardhi, nimtendee haki, aliisoma barua ya daktari mara mbili, akauliza kwa nini asilimia imebadilika. Nilijaribu kumweleza habari za matoleo. Alinisikiliza kwa subira ya mtu aliyebakiwa na mafaili arobaini mezani, kisha akasema kwamba angetaka kuwa na karatasi moja inayoeleza mambo hayo kwa Kiswahili, kwa sababu wazee wenye ripoti za namna hii wameanza kuja wengi. Makala haya yameanzia hapo.

Wiki iliyopita tulikwenda shambani kuonyesha mipaka ya zile ekari mbili. Kaka alitangulia na fimbo. Bikoni tatu alizikuta bila kusita. Ya nne hakuikumbuka. Alisimama kati ya michungwa akitazama huku na huku, na nikaiona ile hofu ambayo mwanawe aliiona mlangoni. Kijana alichukua hati, akafungua simu yake, akamuuliza, "Baba, hii ni Arc 1960?" Kaka akaitika. Wakageuza viwianishi pamoja, mmoja akitaja, mwingine akiandika, na jiwe likaonekana chini ya majani, hatua sita kutoka pale mzee aliposimama.

Mwezi wa saba atapimwa tena, Dar es Salaam, mashine ileile, baada ya kifungua kinywa na maji ya kutosha. Namba ya toleo nimeiandika kwa wino nyuma ya kadi yake ya kliniki.